Anza na Kutu, Injini Itasubiri

Mwaka 1964 kampuni ya Ford ya Marekani ilileta Afrika Mashariki magari 6 aina ya Mercury Comet, yenye injini za V8, kushindana katika Safari Rally. Yalikuwa na nguvu za kutosha kumwacha kila mtu kwenye barabara ya lami. Njia ya Safari haikuwa ya lami. Yaliyofika mwisho yalikuwa 2 tu, tena mkiani mwa waliomaliza. Mwaka uliofuata Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, akiwa na nduguye Jaswant, alishinda mbio hizo hizo kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika: timu ya kiwanda iliikimbiza katika Safari ya 1964, kisha ndugu hao wakaichukua na kuiandaa upya.

Nayataja hayo kwa sababu vijana wengi wa huku kwetu Khwisero, magharibi mwa Kenya, wanaopenda magari ya zamani hunionyesha kwenye simu picha za Mustang na Camaro za miaka ya 1960, kisha huniuliza, "Mzee, gari kama hili mtu anaweza kulifufua nyumbani?" Anaweza. Ila asilitafute mbali. Magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini kwa kawaida hayaruhusiwi kuzidi umri wa miaka 8, na yenye usukani wa kushoto hayasajiliwi kwa matumizi ya kila siku. Hata ukimpata mtu Nairobi anayeuza Mustang iliyokwisha kuingia, kila kioo, kila taa na kila mpira wa mlango utaagizwa ng'ambo, na gharama ya kusafirisha pamoja na ushuru itakumaliza kabla hujafunga bolti ya kwanza.

Gari letu la heshima liko karibu. Zunguka kutoka Mulwanda hadi Dudi, pitia Emalindi, teremka Eshinutsa. Hutakosa boma lenye Peugeot 504 iliyoachwa chini ya mparachichi, magurudumu yamezama ardhini na kuku wanatagia kiti cha nyuma. Gari hili ndilo lililobeba watu wa Magharibi. Walimu wakuu walilinunua, wafanyabiashara wa Luanda walilibebea mizigo, na yale marefu yenye safu tatu za viti yalisafirisha abiria kwenda Nairobi na kurudi miaka nenda miaka rudi. Bodi yake ilichorwa na nyumba ya Pininfarina ya Italia. Lilitoka mwaka 1968, na mwaka 1969 likatawazwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Lilishinda Safari mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na tena mwaka 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Kabla yake Peugeot 404 ilikuwa imeshinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ufaransa ilipoacha kuziunda saloni hizi, Mombasa iliendelea kuziunganisha kwa miaka mingi baadaye. Ndiyo maana spea zake zilienea nchini, na ndiyo maana fundi aliyejifunzia kazi kwenye 504 bado yupo sokoni na spana zake.

Mengi ya magari hayo sasa yanaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, yanakatwa vipande na kupimwa kwa kilo. Jambo hilo linaniuma, na ndilo linalonifanya niandike.

Wengi huanza na injini, kwa kuwa ikinguruma moyo unaruka na majirani wanakuja kutazama. Mimi nasema huko ndiko kwa kumalizia. Khwisero si jangwani. Kaunti ya Kakamega hunyeshewa karibu mwaka mzima, na alasiri nyingi wingu hufunga hata kama asubuhi ilikuwa jua kali. Huku gari haliuawi na injini, linauawa na kutu. Injini ya 504 unaweza kuifungua na kuifunga tena chini ya bati lako, na hata ikishindikana utapata nyingine. Bodi iliyooza haina duka.

Kabla hata ya bodi kuna karatasi. Mengi ya magari haya bado yako kwa jina la mzee aliyefariki zamani. Usinunue kwa mtoto mmoja wa marehemu nyuma ya migongo ya ndugu zake, hata akikuonyesha logibuku halisi. Siku gari litakapong'aa, kila mmoja atakumbuka kwamba lilikuwa la baba. Kaeni kikao: mama mwenye boma, watoto wote, na mzee wa ukoo, makubaliano yaandikwe na kutiwa sahihi. Kisha msimamizi wa mirathi apatikane kisheria. Shughuli hiyo huanza na barua ya chifu inayowataja warithi, inaingia katika mahakama ya Butere, tangazo linachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na watu wanapewa siku 30 za kupinga, na hati huthibitishwa baada ya miezi 6. Msimamizi huyo ndiye atakayehamisha umiliki katika mfumo wa NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani. Muda wa kusubiri si wa kupotea. Ndio wa kujenga banda na kununua vifaa. Na tafadhali, mlipe mama wa watu bei ya haki. Kumwambia mjane kwamba gari la mumewe ni takataka, halafu ulipeleke Nairobi kulionyesha, ni dhuluma.

Toa pia nakala ya rekodi ya gari kutoka NTSA ulinganishe namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya logibuku, herufi kwa herufi. Kama mzee alibadilisha injini bila kutoa taarifa, jambo hilo lisawazishwe sasa. Ukipanga kubadilisha rangi, nayo huandikwa upya.

Siku ya kulikagua gari nenda na sumaku, bisibisi na tochi, na uvae nguo unazoweza kulalia chini. Anza na kizingiti, yaani ule mkanda wa chuma unaopita chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Gonga kwa mpini wa bisibisi, pole pole, kidogo kidogo. Chuma kizima hujibu kwa mlio mkavu. Kilichooza hutoa sauti ya bubu na vumbi jekundu hukudondokea usoni. Hapo geuza bisibisi usukume kwa ncha. Ikipenya, endelea hadi upate pale inapogoma, uweke alama kwa chaki, ujue ugonjwa umefika wapi. Kisha pitisha sumaku kwenye matao ya magurudumu na sehemu ya chini ya milango. Inapokataa kushika, chini ya rangi hakuna chuma, kuna fila, na unene wake utaujua tu siku utakapoanza kusaga. Funua zulia uangalie sakafu. Ingia ndani ya buti.

Mwisho fungua boneti utazame pale juu ya shokabzoba za mbele, pande zote mbili, ambapo kichwa cha shokabzoba kimefungwa kwenye bodi. Uzito wote wa mbele unaegemea hapo, na saloni ya 504 haina fremu ya pembeni ya kuisaidia. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Chuma cha hapo kikiwa kimevimba, kimepasuka, au kimeshonwa shonwa viraka juu ya viraka, lishukuru boma hilo kwa chai uende zako. Au ulinunue kama gari la kutolea spea, na usijidanganye kuwa ni zaidi ya hapo. Kizingiti kilichotoboka sehemu moja kinatengenezeka. Sakafu inatengenezeka. Kuhusu injini mimi huuliza mambo mawili tu: ipo, na vipande vyake vyote vipo?

Sasa banda. Mabati juu, nguzo za mkaratusi, upande mmoja au miwili wazi ili upepo upite. Usilifunike gari kwa turubai la plastiki ukadhani unalilinda. Unyevu unaotoka ardhini usiku hunaswa chini yake, na asubuhi utakuta bodi imetota wakati nje hakujanyesha. Kama pesa ipo ya kitu kimoja tu, iweke kwenye sakafu ya zege. Udongo wetu mwekundu ukinyeshewa hulainika, na jeki iliyosimama wima jioni inaweza kuwa imeinama asubuhi.

Hapa sina masihara hata kidogo: mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, wala na mawe, wala na matofali, wala na gogo. Tofali hupasuka bila kutoa onyo. Mwendee fundi wa kuchomelea akutengenezee stendi nne za chuma kizito zenye miguu mipana, uzijaribu gari likiwa halina mtu chini yake, ulitikise kwa nguvu, ndipo uingie. Na watoto wasiwe na desturi ya kucheza bandani.

Unapoanza kufungua, usifungue gari zima. Najua raha ya kuvua boneti, milango, viti, taa, vyote wikendi moja. Lakini magari mengi yaliyoachwa nusu njia yalifia kwenye hatua hiyo: vipande vimejaa stoo, mwenye gari amesahau kipi kilikaa wapi, na familia inataka mahali pa kuwekea mahindi. Chukua sehemu moja, tuseme mlango wa mbele wa kushoto, uvue, uutengeneze, uurudishe. Piga picha kila hatua kabla ya kugusa nati. Bolti za sehemu moja zikae kwenye mkebe mmoja wenye jina. Usitupe raba iliyooza wala kipande cha plastiki kilichovunjika, kwa sababu bila hicho huwezi kumwonyesha muuza spea unatafuta nini.

Bolti zilizoshika kutu zinyunyizie mafuta ya kulegeza jioni, uzirudie kesho yake. Anayetumia nguvu siku ya kwanza huvunja shingo ya bolti, na kazi ya dakika moja inakuwa ya siku nzima.

Kwa vipande vya chuma vilivyofunikwa na kutu, sisi tunaoishi jirani na mashamba ya miwa tuna dawa ya bei nafuu ambayo wenzetu wa nchi nyingine huitafuta kwa shida: molasi. Ile ile ya kulishia ng'ombe. Chukua pipa la plastiki, weka sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji, koroga vizuri, kisha tumbukiza bawaba, ngoma za breki, vikono vya kushikia bampa, chochote cha chuma ulichokwisha kukisafisha grisi kwa mafuta taa na kukiosha kwa sabuni. Grisi ikibaki, molasi haipenyi. Funika pipa, lisogeze mbali na nyumba, kwa sababu litachacha na litanuka. Siku chache za mwanzo hutaona kitu. Baada ya wiki moja hivi chomoa kipande, ukisugue kwa brashi ngumu chini ya maji ya bomba: kutu inatoka kama tope jeusi, na chini yake chuma ni cha kijivu, safi, pamoja na alama za kiwandani ambazo hakuna aliyeziona kwa miaka thelathini. Kama bado kuna madoa, kirudishe kwa wiki nyingine. Molasi hula kutu ikaacha chuma, jambo ambalo grainda haliwezi. Grainda linakula vyote viwili.

Ila usitumbukize aluminiamu humo. Kabureta, pampu ya maji, kifuniko cha distributa, vyote hivyo mbali, kwa maana vitaliwa. Na kipande kikitoka, kikaushe palepale kwenye jua ukipake praima kabla ya alasiri. Katika hewa yetu chuma kitupu hushika kutu mpya usiku mmoja.

Kuchomelea bodi usikufanye kwa mashine ya kawaida ya vijiti inayotumika kutengeneza milango na madirisha. Bati la bodi ni jembamba, chini ya milimita moja, na moto wa vijiti hulitoboa. Tafuta fundi mwenye mashine ya MIG au aliyebobea katika gesi. Luanda, Kakamega na Kisumu wapo. Viraka vikatwe kwenye bati bapa la geji 20. Mtu asikuletee mabati ya kuezekea: ni membamba mno, na zinki yake ikiungua hutoa moshi wenye sumu. Kata chuma kilichooza hadi ufike kwenye kizima, usibandike kiraka juu ya kidonda, maana kutu itaendelea kula kwa ndani. Kabla ya cheche ya kwanza toa betri na tangi la petroli. Tangi lililoisha mafuta ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Asilichomelee mtu yeyote asiyejua kulisafisha na kulijaza maji.

Fundi huyo mchukulie kama mwalimu. Nunua vifaa mwenyewe, mkubaliane bei ya kazi mapema, kisha kaa naye, umshikie bati, umletee chai. Utajifunza kuliko kitabu chochote, naye hataficha kosa chini ya fila ukiwa umesimama pale. Wanafunzi wanaosomea magari katika Sigalagala National Polytechnic nao wakirudi likizo hufurahia kushika gari lenye kabureta, kwa sababu huko nje wanakutana na magari ya kompyuta tu. Kijana mmoja wa namna hiyo kutoka jirani ni msaada mkubwa, na umlipe.

Ndani ya kizingiti kilichoshonwa hakuna brashi inayofika. Pasha moto grisi kidogo, uilainishe kwa mafuta safi ya injini, uimiminie kupitia matundu ya kupitishia maji hadi ianze kuchuruzika chini. Kisha hakikisha matundu hayo hayazibi. Milango mingi ya 504 imeoza chini kwa sababu vumbi la barabara zetu za murram lilijaa ndani, likaziba vitundu, na maji ya mvua yakakosa pa kutokea.

Kwenye rangi sitakawia. Kusaga kwa msasa, kupaka praima na kunyoosha, hiyo ni kazi yako, na ndiyo inayoamua gari litaonekanaje. Kupuliza rangi ya mwisho mwachie mwenye chumba maalumu. Rangi za kisasa zinazochanganywa na kigandisho zina kemikali inayodhuru mapafu hata kwa mtu aliyevaa kitambaa puani, na bomani kuna watoto, kuna wazee, kuna vumbi. Chagua rangi iliyo kwenye logibuku. Inapendeza kuliko unavyofikiri.

Breki sasa, na nasisitiza zitangulie injini. Gari lililolala muda mrefu lina mafuta ya breki yaliyofyonza maji, na maji hayo yametafuna ndani ya masta silinda na silinda za magurudumu. Usiziongezee mafuta mapya ukatumaini. Fungua zote. Ukuta wa ndani ukiwa na vishimo unavyoweza kuvihisi kwa ukucha, silinda hiyo imekufa, badilisha. Vipira vyote vipya, mipira yote inayopinda karibu na magurudumu mipya, mabomba ya chuma yenye kutu mapya. Vumbi la breki za zamani usilipulize kwa hewa wala kwa mdomo, kwa kuwa pedi na viatu vya enzi hizo vilitengenezwa kwa asbesto. Lifute kwa kitambaa kilicholowa, ukitupe kitambaa hicho. Toka Khwisero uelekee upande wowote utakutana na mteremko, mbele yako bodaboda yenye abiria wawili na gunia. Mwenye gari linalokwenda lisilosimama ni mtu wa hatari kwa jirani zake.

Tumefika kwa injini, na hapa 504 inampendelea fundi wa nyumbani. Silinda zake hazikuchimbwa moja kwa moja kwenye bloku. Ni slivu zinazochomoka, zikizungukwa na maji. Injini zilizochoka za magari mengine hupelekwa mjini kuchimbwa kwa mashine kubwa. Hii unanunua seti ya slivu, pistoni na ringi, unachomoa za zamani na kuweka mpya. Lakini hapo hapo pana mtego. Ukishavua hedi, usizungushe injini kabla ya kuzibana slivu kwa vyuma na bolti. Pistoni ikipanda huinua slivu, mpira wa kuzuia maji chini yake unahama, na baadaye maji yanaingia kwenye oili bila wewe kujua yalipopitia. Kitabu cha Haynes cha gari hili kinaeleza pia jinsi ya kupima slivu zimechomoza kiasi gani juu ya bloku. Kipimo hicho usikiruke. Jambo jingine linalowachanganya hata mafundi wazoefu: Peugeot huhesabu silinda kutoka upande wa giaboksi. Silinda namba 1 ni ile iliyo nyuma, karibu na wewe dereva. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Ukipanga waya za plagi kwa kuanzia mbele, umeanza pasipo.

Hedi ni ya aluminiamu na bloku ni ya chuma, na vyuma viwili hivyo vikikutana kwenye maji matupu huliana. Hii ndiyo sababu kubwa ya 504 nyingi kuchemsha na kupinda hedi. Tumia kulanti, wala si maji ya mto. Na irudishe themostati. Karibu kila gari la zamani utakalonunua huku limetolewa themostati na fundi aliyedhani anazuia joto. Bila hiyo injini haifiki joto lake, inakula petroli na kujitafuna taratibu, huku tatizo halisi, ambalo ni rejeta iliyoziba, likibaki palepale. Rejeta ipelekwe kufunguliwa na kusuguliwa.

Valvu zirekebishwe injini ikiwa baridi, milimita 0.10 za kuingiza na 0.25 za kutoa moshi. Klachi ikague wakati injini iko nje, maana mhimili wa kuzungusha magurudumu ya nyuma umefungwa ndani ya bomba refu linaloshikana na giaboksi na difu, na kuishusha giaboksi baadaye kunamaanisha kusogeza mtambo wote wa nyuma. Mwenye 404 azingatie oili ya difu: ndani kuna gia ya shaba, na oili za kisasa za gia zenye dawa kali huishambulia. Ulizia ile inayofaa kabla ya kumimina.

Waya ndizo zinazounguza magari. Panya wa boma wamezitafuna, na kila fundi aliyepita ameongeza wake kwa kusokota na kufunga nailoni. Ng'oa viungo vyote vya kusokota, unganisha upya kwa lehemu au vibano, saketi moja baada ya nyingine, kila moja na fyuzi yake. Mipira ya petroli badilisha yote bila kuichagua.

Spea za kawaida utazipata Kisumu, na zinazosumbua utazipata Kirinyaga Road, Nairobi, barabara ambayo wengi bado huiita Grogan. Usiagize kwa simu kwa maneno matupu. Tuma picha ya kipande ukiwa umekiweka juu ya rula, pande zote, pamoja na mwaka wa gari na ukubwa wa injini, kwa kuwa kuna 504 za sentimita za ujazo 1796 na za 1971, na pistoni zake haziingiliani. Kipande kitasafiri na basi la usiku, ukipokee asubuhi Luanda. Kabla ya kununua kipya, chunguza kama cha zamani hakitengenezeki. Mara nyingi chuma cha zamani ni kizuri kuliko kipya kilichoigizwa.

Kuhusu pesa, tenga kiasi cha mwezi ambacho kikipotea nyumba haitikisiki, uandike kila shilingi kwenye daftari, na mwenzako nyumbani aone daftari hilo. Karo ya watoto isiguswe. Mwezi usio na pesa una kazi zake: kusugua, kusaga, kusafisha nati moja moja. Gari la burudani halina tarehe ya mwisho, na hiyo ndiyo tofauti yake na gari la biashara. Anayetaka lengo la kumsukuma afikirie Africa Concours d'Elegance, onyesho la magari lililoanza mwaka 1971 na ambalo hufanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, Nairobi. Waamuzi huko hawatazami rangi ya nje tu. Wanatazama injini, viti, buti, hata chini ya gari.

Gari likikamilika, pata bima ya mtu wa tatu kabla ya kugusa barabara. Sheria inaidai, hata kama ni kufika sokoni Khwisero na kurudi. Safari ya kwanza ifanye asubuhi ya siku kavu isiyo ya soko, bila abiria, kifaa cha kuzima moto kikiwa karibu na mkono wako. Nenda mwendo mfupi, simama, shika kila gurudumu katikati kwa kiganja. Linalochoma kuliko mengine lina breki isiyoachia au beringi iliyobanwa mno. Tazama chini kama kuna tone. Rudi nyumbani, liache lipoe usiku kucha, kisha kaza nati za magurudumu. Ongeza umbali kidogo kidogo: Butere, halafu Luanda, halafu Kakamega. Ukifikisha kilomita 500 mwaga oili yote ya injini, hata kama inaonekana safi, badilisha filta, ukaze tena bolti za hedi na kurekebisha valvu kwa kufuata kitabu, injini ikiwa baridi kabisa.